Kaka yangu alifungwa bendi tumboni, nami nikampelekea mtori kila Jumamosi

Wakuu wa jukwaa hili, heshima kwenu nyote, mliotangulia na mliojiunga jana.

Ninayoyaandika yalitokea katika familia yangu miaka michache iliyopita. Nimebadilisha majina tu. Mengine nimeyaacha yalivyo, hata pale ambapo kuyabadilisha kungenipendezesha.

Wasimamizi, nawaomba uzi huu usihamishiwe jukwaa la vichekesho. Najua mtashawishika.

Kilichonisukuma kuandika ni mwanachama mmoja aliyeuliza wiki iliyopita kama ni kweli kwamba mtu akifungwa bendi tumboni hasikii njaa tena maisha yake yote. Alijibiwa na watu wengi, wote kwa uhakika mkubwa, na wote walikosea.

Nami niliwahi kuwa na uhakika wa aina hiyo. Nusura uniondolee kaka.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Moshi, na nimesimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka ishirini. Nasoma sana. Katika jumuiya yetu ya kanisani mimi ndiye ninayepewa mada za maadili, na mada niliyoipenda kuliko zote ni kiasi: kiasi katika kula, kiasi katika kunywa, kiasi katika kusema. Waliowahi kunisikiliza watawaambia kwamba hiyo ya tatu sikuwahi kuimaliza kwa wakati.

Kaka yangu nitamwita Protas. Ndiye mkubwa wa nyumba yetu.

Vijana wa humu hamkuziona enzi za foleni za duka la ushirika. Wakati ule sote tulikuwa wembamba, na wembamba wetu ulikuwa wa kitaifa. Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Protas akaanza na maharage, akiyapeleka Tarakea, mpakani na Kenya, siku za soko na kurudi na sabuni, betri na mafuta ya kupikia. Baadaye akafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini, akajenga nyumba mtaa wa Rau, na mwili ukakua sambamba na duka.

Naomba mnielewe. Kwetu, miaka ile, mwembamba aliulizwa kama anaumwa. Mnene aliulizwa anafanya biashara gani. Tumbo la kaka yangu lilikuwa barua yake ya utambulisho. Watu walilisalimia kabla ya kumsalimia mwenyewe.

Halafu akapimwa, akakutwa na kisukari.

Sisi ugonjwa huo tunaufahamu. Baba yetu alianza na kidonda kwenye kidole cha mguu, kidonda cha kudharaulika, kama cha mtu aliyejikwaa shambani. Kikakataa kupona. Ukakatwa mguu, na kabla mwaka haujaisha tukamzika kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Mama ndiye aliyemuuguza.

Daktari wa mjini alimwambia Protas bila kupamba: uzito usiposhuka, utamfuata baba yako, na kwa njia ile ile.

Nikaingia kazini. Nilimpa vitabu. Nilimpa mifano ya watu wakuu wa kale waliokula kidogo na kutawala sana. Nilimshauri atembee asubuhi kwenye msitu wa Rau, naye akatembea, tena kwa bidii. Msitu ulimfaa. Tatizo lilikuwa njia ya kurudi, yenye banda la nyama choma.

Siku moja nilimkuta amekaa mbele ya sinia tupu, nikamuuliza kama hana haya. Hakukasirika. Alisema hivi:

"Mwalimu, wewe unadhani nakula kwa sababu nina njaa. Mimi sijawahi kufika mahali pa kushiba. Nakula mpaka chakula kinaisha, ndipo najua nimemaliza."

Nilichukulia kwamba ni visingizio. Leo najua ilikuwa taarifa ya kitabibu, sahihi kuliko yote niliyomsomea.

Jirani wa duka lake ni Bwana Jayesh, muuza vipuri. Ukoo wake uko Moshi tangu babu yake, na Kichagga chake cha sokoni kinawashinda watoto wangu. Jayesh ana shemeji India, daktari wa upasuaji, na ndiye aliyetuletea habari za bendi.

"Mangi," alimwambia Protas, "miguu unayo miwili tu. Tumbo hata likifungwa kamba bado ni lako."

Mimi nilipinga. Nilisema fadhila hainunuliwi hospitalini. Nilisema mtu anayefungwa tumbo kwa sababu ameshindwa kufunga mdomo amekiri kwamba yeye si bwana wa nafsi yake. Niliipenda sana sentensi hiyo, nikairudia kwenye mada ya jumuiya bila kutaja majina.

Protas alinisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Baba alikuwa na fadhila zote. Mguu ulikatwa."

Nikaenda kufungasha. Nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu ya Kiingereza changu.

Sasa niwaeleze bendi ni nini, maana hapa ndipo wachangiaji wa wiki iliyopita walipopotea.

Tulipofika India daktari yule, shemeji wa Jayesh, alichukua karatasi akachora tumbo kama kibuyu kilicholazwa. Karibu na shingo ya kibuyu akachora pete. Hiyo ndiyo bendi, pete laini ya silikoni. Haikati kitu wala haitoi kitu. Inalizunguka tumbo kwa juu, na juu ya pete kinabaki kijumba kidogo, cha ukubwa wa yai hivi.

Chakula kinatua kwanza kwenye kijumba hicho. Matonge machache yanatosha kukijaza. Kikijaa, kuta zake zinabanwa, na kuta hizo zina mishipa ya fahamu inayopeleka habari kichwani kwamba huyu mtu ameshiba. Kichwa hakishuki tumboni kuhakiki. Kinaamini kilivyoambiwa. Chakula nacho kinapenya taratibu chini ya pete na kuendelea na safari yake ya kawaida.

Pete ina mrija mwembamba uliounganishwa na kidude cha mviringo kinachokaa chini ya ngozi. Daktari akitaka kuikaza anachoma sindano kwenye kidude hicho na kuongeza maji kidogo ya chumvi. Akitaka kuilegeza anayavuta.

Protas akaniambia nimuulize: kwa hiyo sitasikia njaa tena?

Daktari akajibu, "Bendi haitamkataza kula. Itamwambia kwamba ameshakula. Kusikia ni kazi yake."

Nilitafsiri jibu hilo kwa madaha kana kwamba nimelitunga mimi.

Kaka akafungwa salama, na kabla hatujaondoka tulipewa maelekezo ya kurasa nne, kwa Kiingereza. Muuguzi akasema ukurasa wa kwanza unahusu wiki sita za mwanzo: vitu vya majimaji, kisha vyakula laini vilivyopondwa, ili jeraha la ndani lipone. Baada ya hapo mgonjwa ataanza vyakula vigumu.

Nikautafsiri ukurasa wa kwanza palepale wodini. Nilipoumaliza niliona karatasi haina uzito wa kimaadili, nikaiandikia dibaji kuhusu kiasi. Dibaji ilinichukua siku mbili. Ilikuwa ndefu kuliko maelekezo yenyewe.

Kurasa nyingine nilipanga kuzitafsiri tukifika nyumbani.

Tulifika nyumbani.

Karatasi yangu ilibandikwa kwenye kabati la jikoni Rau, kwa mwandiko wangu bora. Shemeji yangu Melania, mke wa Protas, aliifuata neno kwa neno. Wiki sita zikapita salama, kaka akaanza kula vigumu: ndizi za kuchemsha, maharage, vipande vidogo vya nyama vilivyotafunwa vikalainika.

Nilikuwepo siku ya kwanza. Alikula matonge manne. La tano alilishika, akalitazama, akalirudisha kwenye sahani. Akaweka mkono chini ya kifua.

"Ni kama mtu ameweka kiganja hapa," alisema. "Hasukumi. Ameweka tu."

Machozi yakamtoka mtu mzima yule, mbele ya sahani ambayo bado ilikuwa na chakula. Melania akageukia dirishani. Nami, wakuu, nakiri kwamba pamoja na furaha niliona wivu. Kazi iliyonishinda kwa miaka mingi ya kuhubiri ilikuwa imefanywa na pete ya plastiki, tena bila kufungua mdomo.

Uzito ukashuka. Sukari ikashuka. Daktari wa mjini akampunguzia dawa.

Lakini Protas alikuwa ametuapisha, mimi, Melania na Jayesh, kwamba mtu yeyote asijue. Aliona aibu. Na maneno ya aibu yake hayakuwa yake. Yalikuwa yale yangu ya jumuiya, kuhusu kufungwa tumbo na kufunga mdomo. Yalikuwa yamemfikia.

Sasa fikirini. Ni mji ambao kukonda kunaogopwa. Ni mfanyabiashara wa mpakani. Suruali zinamvuka, shingo imekuwa kama ya mvulana, na hasemi anaumwa nini.

Hakuna aliyeuliza kuhusu mlo wake. Walisema amekanyaga waya, yaani ana virusi. Dukani watu walimwachia chenji kaunta badala ya kuipokea mkononi mwake. Wengine walianza kumwita marehemu mtarajiwa, kwa upole, kama cheo.

Habari zikapanda mlima hadi Uru, kwa mama yetu.

Mama ana miaka inayokaribia themanini. Amemzika mumewe kwa kisukari. Amemzika pia dada yetu Gaudensia, ambaye alikonda polepole mbele ya macho yake, na ugonjwa wake haukutajwa kwa jina hata siku ya mazishi. Mama alikuwa anajua kukonda kunaelekea wapi.

Desemba ikafika, sote tukapanda nyumbani kama ilivyo ada. Mbuzi akachinjwa. Protas kama mkubwa wa nyumba akapewa fungu lake, na watu wakakaa kimya kumtazama analila.

Wasiotoka kilimani wanaelewa nusu tu ya jambo hili, kwa hiyo nifafanue. Kwetu anayetoa chakula au kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja yeye kwanza, ili mgeni ajue hakuna kilichotiwa ndani. Chakula ni ushahidi wa kuaminiana. Mtoto akisukuma sahani ya mama yake mbele ya ukoo, hajasema ameshiba. Amesema anamshuku.

Kaka alijua hilo. Akala haraka, vipande vikubwa, bila kutafuna, ili macho yale yaondoke.

Kipande kikakwama kwenye mlango wa bendi. Nilimwona akibadilika rangi. Akainuka kama mtu anayekwenda kupokea simu, akapotelea nyuma ya migomba, akatapika.

Aliporudi, mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Alikuwa ameona.

Asubuhi yake alipika mtori.

Mtori wa mama si supu ya hotelini. Ni ndizi mshare na nyama ya mfupa, vimechemka tangu alfajiri, vikapondwa mpaka mwiko unateleza, kisha vikatiwa siagi ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Ni chakula cha mzazi. Mwanamke wa kwetu akijifungua hukaa ndani miezi mitatu, tumbo limekazwa kwa kitambaa, akilishwa mtori mpaka mashavu yang'ae. Mama aliamua kumlea mwanawe wa miaka hamsini na mitatu kama mzazi.

Kaka akala bakuli moja. La pili. La tatu.

"Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, akiwa na uso wa mtu aliyesamehewa, "huu unapita wenyewe."

Hapo ndipo nilipoingia mimi na elimu yangu.

Nilikuwa na nakala ya karatasi kwenye mkoba. Nikaisoma mbele ya familia, kwa sauti ya darasani, nikisema tu kwamba ni maelekezo ya daktari wake, bila kusema daktari gani wala wa nini. Vyakula laini vilivyopondwa: vinaruhusiwa. Supu nzito: inaruhusiwa. Nikatamka kwamba mtori uko ndani ya sheria.

Mama alinitazama kwa shukrani ambayo sijawahi kuipata kwa cheti chochote.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilishuka kutoka Uru hadi Rau na chupa mbili kubwa za chai zilizojaa mtori. Nilizibeba mwenyewe. Wakati mwingine mama aliongeza galoni ya mbege. Mbege haikutajwa popote kwenye karatasi, kwa kuwa daktari wa India hakuijua, na kaka alifasiri ukimya huo kuwa ni ruhusa.

Mtu mmoja aliona. Melania aliniuliza siku moja, akiwa anaosha zile chupa:

"Shemeji, mbona nyama akila vipande vinne anaweka chini, lakini mtori anamaliza chupa nzima na kuulizia nyingine?"

Nilimjibu kwamba masuala ya kitabibu tuwaachie waliosoma.

Akaendelea kuosha chupa.

Mnaona kilichokuwa kinatokea? Kile kijumba cha juu ya bendi kinajazwa na kitu kigumu kinachokaa. Mtori haukai. Unateleza, unapita chini ya pete kama maji ya mfereji, kijumba kinabaki kitupu, kuta hazibanwi, na kichwani haipelekwi habari yoyote. Mtu anaweza kumeza shamba zima la ndizi na siagi ya ng'ombe mzima, na kiganja kile kisitokee.

Nasi tulikuwa tunafurahi. Kaka akaanza kujaa. Shingo ikarudi, mashavu yakarudi, tumbo likaanza kusalimiwa upya. Waliomwita marehemu mtarajiwa walikuja dukani kumpongeza kwa kupona. Mama alipeleka mkungu wa ndizi kanisani, sadaka ya shukrani, na padre akamwombea kijana wetu aliyerudishiwa afya.

Afya yake haikuwahi kuwa mbaya kama siku ile ya kuombewa.

Baada ya Pasaka Melania alimvua kiatu akaona kidonda. Kilikuwa kwenye kidole cha mguu, kidogo, kama cha mtu aliyejikwaa shambani.

Sukari ilipopimwa, daktari wa mjini alirudia kipimo akidhani mashine imekosea. Kisha akasema kuna wiki chache za kuona kama mguu utabaki, na kwamba anashangaa, kwa sababu mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri sana. Akauliza ni nini kimebadilika. Tulitazamana. Tukasema hakuna.

Mimi niliamua kwamba India wametuuzia bendi mbovu. Nikakaa kuandika barua ya malalamiko, kwa Kiingereza cha heshima na ukali, na ili niwabane kwa maneno yao wenyewe nikatoa maelekezo halisi kutoka kwenye bahasha. Ukurasa wa kwanza haukunipa pa kuwashika. Nikafungua wa pili.

Ulisema hivi, kwa herufi nzito: baada ya wiki sita, acha vyakula laini. Usirudi kwenye supu na vyakula vilivyopondwa. Vinapita bila kukushibisha, na uzito utarudi.

Sisi tulijua kwamba baada ya wiki sita ameruhusiwa vigumu. Hatukujua kwamba ameondolewa vilaini. Na hatukujua kwa sababu aliyepewa kazi ya kujua alikuwa anaandika dibaji.

Wakuu, nimewahi kuwachapa wanafunzi kwa kujibu swali kabla ya kulisoma lote. Baadhi yao wako humu. Sitawaomba wajitokeze.

Nikaenda kwa Protas nikamwambia yote. Akasema mtori atauacha, isipokuwa ule wa mama. Huo hawezi kuukataa. Nikamwambia mwingine wowote haupo, wote ni wa mama. Akasema basi.

Alikuwa tayari kupoteza mguu kuliko kumrudishia mama bakuli. Ninawaapia, hakuwa anatania.

Jumamosi iliyofuata nilimpakia kwenye gari pamoja na Melania, tukapanda Uru. Mama alikuwa jikoni, na chungu kilikuwa tayari juu ya mafiga. Tulimwamkia, akaitikia, akaanza kupakua.

Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye utangulizi. Nilianza na historia ya tiba. Mama aliendelea kupakua. Nikafika kwenye lishe, nikafika kwenye umajimaji wa vyakula, na hapo akaacha mwiko.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua," alisema.

Elimu yangu yote ikaisha.

Ndipo Protas alipofanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wangu. Alifungua vifungo vya shati, akauchukua mkono wa mama, akauweka ubavuni mwa tumbo lake, mahali ambapo kile kidude cha mviringo kinasikika chini ya ngozi.

"Mama, nilikwenda India nikafungwa tumbo. Nilishindwa kujizuia kula, nikafungwa. Siumwi ule ugonjwa wa Gaudensia. Niliona aibu kukwambia."

Mama alikipapasa kile kidude, akakizunguka kwa kidole kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha akauliza, bila kuutoa mkono:

"Huumwi wa Gaudensia?"

"Siumwi, mama."

"Tangu Desemba nalala nikijua nakulea ili nikuzike."

Melania alikuwa analia bila sauti. Mama akamfunga mwanawe vifungo vya shati, kimoja kimoja, kisha akamwambia:

"Mimi nimefungwa tumbo mara saba. Kila nilipojifungua mmoja wenu, mama mkwe wangu alinikaza kwa kitambaa mpaka nikashindwa kuinama, na Uru yote ilijua. Wewe umefungwa mara moja unajificha nyuma ya migomba."

Halafu akanigeukia mimi. Nilikuwa natarajia kwamba amenisahau.

"Na wewe Mwalimu ulikuwa unajua?"

Nilimwambia kwamba nilijua, ila sikusoma ukurasa wa pili.

"Baba yenu aliuza kahawa, mimi niliuza ndizi, usome," alisema. "Hukuniambia kwamba unasoma ukurasa mmoja mmoja."

Protas alicheka. Alicheka mpaka akashika bendi yake. Nadhani hicho ndicho kilichonisaidia kuendelea kuishi katika familia ile.

Mama hakucheka. Aliuliza swali moja tu la maana, ambalo hakuna kati yetu wasomi aliyewahi kuliuliza: basi ale nini? Safari hii nilimsomea kurasa zote nne, polepole. Akasikiliza kama anavyosikiliza Injili. Kisha akaubeba mtori akawapa majirani, akarudi, akachukua kisu na kuanza kukata nyama vipande vidogo kama punje za mahindi.

Mengine nayafupisha. Protas alirudi India, pete ikakazwa kidogo. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Mguu ulibaki. Uzito ulishuka tena, taratibu, na safari hii uvumi haukupata pa kushika, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kumtangazia kila aliyepita mlangoni kwake kwamba mwanawe amefungwa tumbo India na kwamba anayetaka kuligusa aje aliguse. Wachache walikwenda kweli.

Desemba iliyofuata tulipanda nyumbani. Mbuzi akachinjwa, mafungu yakatolewa. Protas alikula vipande sita, vidogo, akitafuna kila kimoja mpaka wenzake walikuwa wamemaliza sahani zao. Kisha akaweka mkono chini ya kifua, akasogeza sahani. Ilikuwa bado na nyama nyingi.

Mjomba wetu mmoja, mtu wa Bomang'ombe asiyejua kisa hiki, aliinua macho. Akauliza kwa sauti ya kusikika, tangu lini mtoto mkubwa anamwachia mama yake chakula mbele ya watu?

Vichwa vyote vikamgeukia mama.

Mama aliinuka, akaja, akaichukua ile sahani kwa mikono miwili.

"Ameshiba," alisema, akaondoka nayo.

Na mazungumzo yakaendelea.

Nilichojifunza, wakuu, nakiweka wazi. Bendi haiondoi njaa wala haimpi mtu tabia njema. Inatengeneza habari ya kushiba, na habari hiyo huzaliwa na chakula kigumu, kidogo, kilichotafunwa. Ukiipitia pembeni kwa vitu vinavyoteleza, usiilaumu. Na usiende kufungwa kwa siri. Watu wanaokupenda watakulisha, na kama hawajui ulicho nacho tumboni, watakulisha mpaka wakumalize, huku wakitoa sadaka ya shukrani.

Kwa walimu wenzangu wa maadili: nilimwaibisha mgonjwa kabla ya kumsaidia, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya afiche. Mada ya kiasi bado naifundisha. Nimeipunguza urefu.

Wenye bendi, wenye ndugu waliofungwa, na madaktari mlio humu, nawakaribisha mnisahihishe nilipokosea. Wanaotaka kunisema kuhusu zile chupa nao wakaribie. Melania amejiunga na jukwaa hili juzi, na ameniahidi kwamba atakuwa wa kwanza.